Mshubiri Juu ya Karatasi

Watu wa pwani wakitaka kueleza uchungu usio na mfano husema kwamba kitu fulani ni chungu kama shubiri. Mama aliyekusudia kumwachisha mtoto ziwa alipaka shubiri kidogo, na mtoto akionja mara moja hakurudi tena. Wajuzi wa lugha hutuambia kwamba neno hilo lilitujia kutoka Uarabuni, na kwamba huko asili yake ni moja na asili ya neno subira. Mmea na tabia vimechipuka katika shina moja la herufi tatu. Nalipenda jambo hili, kwa sababu habari ninayotaka kusimulia yahusu mmea mchungu na watu walioufanyia kazi ya subira.

Wengi wetu tunapotaja mshubiri hudhani kwamba ni mmea mmoja. Katika Kenya peke yake zimetambuliwa aina zaidi ya 50, na ukihesabu za Afrika nzima, Bara Arabu, Bukini na visiwa vya jirani, hesabu yapita 500. Iko inayotambaa juu ya mawe, iko inayoning'inia magengeni, na iko inayosimama kama mti. Mmoja katika hii ya mwisho hupatikana katika vichaka vya nchi kavu chini ya milima ya Taita, na huvuka mpaka kidogo hata kaskazini mashariki ya Tanzania. Una shina moja jembamba lisilo na matawi, nalo hupanda juu mita 5 au zaidi likishindana na miti ya kichaka kuutafuta mwanga. Kileleni una shungi la majani marefu ya kijani kijivu yaliyopinda kuelekea chini. Asiyeujua aweza kuudhania mnazi mchanga uliokonda kwa njaa. Maua yake ni mekundu yenye rangi ya chungwa, nayo hukaa katika kikonyo chenye matanzu mengi. Jani lake likivunjwa hutoa harufu ya panya.

Mshubiri huu ulipewa jina la kitaalamu na Gilbert Reynolds mwaka 1953. Reynolds aliishi Afrika Kusini, na kazi yake ya riziki ilikuwa kutengeneza miwani. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwa mishubiri, na aliifuata bara zima kwa motokaa mpaka akatoa kitabu kikubwa juu ya mishubiri ya Afrika ya kitropiki na Bukini mwaka 1966. Mmea wa Taita aliuita Aloe ballyi kwa heshima ya Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika makumbusho ya Nairobi. Harufu ile ya panya haikuwa kichekesho cha maumbile. Wakemia walipochunguza utomvu wake waliona ndani yake sumu ya jamaa moja na ile iliyomo katika mmea ambao Wayunani walimnywesha Socrates alipohukumiwa kufa. Mishubiri mingi yaweza kuumiza tumbo tu. Huu ni katika michache iwezayo kuua. Uko ndugu yake wa nchi za kaskazini, Aloe ruspoliana, ambao wafugaji walikuwa wakiupaka juu ya nyama ili kuwaua fisi.

Basi, mtu akitaka kujua habari za mmea kama huu huenda wapi? Hakuna budi aende porini, lakini kabla ya pori iko nyumba moja. Mjini Nairobi, katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa, lipo jengo ambalo wageni wengi hulipita bila kulitupia jicho, maana wana haraka ya kwenda kutazama nyoka. Hiyo ni hebariamu ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea mikavu. Chanzo chake ni Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani waliweka chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mwaka 1950 makusanyo ya Amani yalihamishwa Nairobi, yakaunganishwa na yale ya makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Coryndon wakati huo. Aliyesimamia uhamisho huo alikuwa Peter Greenway, mtu ambaye wapenzi wa Kiswahili wana deni kwake, kwa sababu mwaka 1937 alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili pamoja na majina yake ya kitaalamu. Ni nani kati yetu leo ajuaye hata robo ya majina yale?

Msomaji, usifikiri kwamba ndani ya jengo hilo utaona bustani. Utaona makabati, safu baada ya safu, na ndani ya makabati majalada, na ndani ya majalada karatasi nene nyeupe ambazo urefu wake hukaribia dhiraa moja. Juu ya kila karatasi umebandikwa au kushonwa mmea mmoja uliokaushwa, na katika pembe ya chini kuna hati ndogo ya maandishi. Mmea na hati yake kwa pamoja huitwa kielelezo. Hati hutaja jina la mmea, mahali ulipochumwa, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, namna ya udongo na kichaka, umbo na rangi ya mmea ulipokuwa hai, jina ambalo wenyeji huuita na matumizi yao, kisha jina la mchumaji, tarehe, na nambari. Nambari hiyo ni ya mchumaji mwenyewe. Huanza na moja siku ya kwanza ya kazi yake, na hairudi nyuma mpaka siku anapokufa au anapochoka. Kwa hiyo mtu akizipanga karatasi za mchumaji mmoja kwa nambari zake aweza kumfuata njia yake, leo Voi, kesho Mwatate, kesho kutwa Taveta, kana kwamba anatembea nyuma yake.

Majani ya muembe au ya mchungwa hukaushwa kwa urahisi. Huwekwa kati ya magazeti, hubanwa kati ya mbao mbili kwa mikanda, magazeti hubadilishwa kila siku, na baada ya juma moja kazi imekwisha. Mmea mnono uliojaza maji kwa ajili ya kiangazi ni habari nyingine. Maumbile yameufunza kukataa kukauka. Ngozi yake imepakwa nta, vinyweleo vyake hufungwa mchana wa jua kali, na nyama yake hushika maji kama mtungi. Ndiyo maana mmea wa namna hiyo ukibanwa katika magazeti hauoni kwamba umekufa. Waona kwamba kiangazi kimekuwa kikali kuliko kawaida.

Jambo hili nililisikia kwa wataalamu, nikataka kuliona kwa macho yangu. Nilitwaa vichipukizi viwili vya mshubiri wa kawaida uliopandwa uani kwangu, vyote vikiwa na vikonyo vinavyoanza kutoa maua. Kimoja nilikitumbukiza katika maji yanayochemka kwa dakika chache. Kingine nilikiacha kama kilivyo. Nikavibana pamoja kati ya magazeti. Kile kilichochemshwa kilinyauka, kikawa bapa na cha rangi ya hudhurungi katika majuma mawili. Kile cha pili, baada ya majuma matano, kilikuwa kijani bado, na kikonyo chake kilikuwa kimejipinda upande kikitafuta mwanya kati ya mbao. Maua mawili yalifunguka ndani ya shinikizo, juu ya habari za michezo. Wanafunzi walionitembelea siku hiyo walicheka sana, kisha mmoja wao akaomba kifunguliwe kikapandwe tena. Kilipandwa, nacho kikashika udongo.

Mtaalamu wa kweli hutumia njia kali zaidi. Huukata mmea vipande, hulipasua jani kwa urefu, huikwangua nyama yote kwa kijiko mpaka ibaki ngozi, huutia katika spiriti au maji ya moto ili kuuua, kisha hukausha kila kipande mbali. Maua mengine huwekwa katika chupa ya spiriti yasipoteze umbo. Mshubiri wa mita 5 hauwezi kuingia katika karatasi ya dhiraa moja hata kidogo. Kinachofika kabatini ni ncha ya jani, kipande cha ngozi chenye miiba ya pembeni, tanzu moja la maua na pengine matunda matatu. Urefu wa shina hauonekani. Kupinda kwa majani hakuonekani. Rangi ya maua hugeuka kuwa ya kahawa iliyomwagika. Harufu ya panya, ambayo ndiyo anwani ya mmea huu, huondoka na maji yake. Yote hayo yasipoandikwa katika hati siku ile ile, mbele ya mmea wenyewe, yamepotea. Na ndiyo maana nasema kwamba katika karatasi za mimea minono hati ni nusu ya mmea, au zaidi ya nusu.

Mke wa Bally aliisaidia kazi hii kwa brashi. Alikuwa mwanamke wa Austria waliyeoana naye mwaka 1938, naye alichora mimea ya Kenya kwa rangi, ua kwa ua, kama ilivyokuwa hai. Baadaye waliachana, akaolewa na George Adamson, na dunia ikamjua kwa jina la Joy Adamson kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya simba jike aliyeitwa Elsa. Simba yule amewafunika maua. Mimi kwa upande wangu, ningeambiwa nichague, ningechukua michoro ya mimea, ambayo mingi yake ingali imehifadhiwa Nairobi. Lakini najua kwamba vijana wengi hawatakubaliana nami.

Ugumu huu wa kukausha huzaa tatizo ambalo mtu anayesoma kumbukumbu za hebariamu hana budi kulifikiri. Akifungua jalada la nyasi fulani ataona karatasi mia. Akifungua jalada la mshubiri wa Taita ataona chache. Je, mmea huu ni adimu, au wachumaji walikuwa wavivu? Mchumaji aliye safarini, ambaye gari lake limejaa na maji yake yamepungua, hupenda kuchuma matawi kumi ya miti laini kuliko kushinda mchana kutwa akikwangua mshubiri mmoja wenye sumu. Tena wachumaji wengi walifuata barabara, na vichaka vya nchi ile ni vizito, vimejaa miiba, na vinapakana na mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948. Mtu anayesikia tembo akivunja matawi karibu naye hana raha ya kupasua jani kwa urefu. Kwa hiyo idadi ya karatasi hupima mambo mawili kwa kipimo kimoja: wingi wa mmea na taabu ya watu. Kuyatenganisha si kazi ya kukaa mezani. Lazima mtu achukue hati za zamani aende mahali zinapotaja, atafute, ahesabu.

Na hati za zamani zina ukaidi wao. Nchi ya Taita katika nyingi ya hati hizo imeandikwa Teita, na anayetafuta kwa herufi za leo katika mashine ya kompyuta hupitwa na karatasi hizo kama hazipo. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, chenye mimea zaidi ya 12,000, kiligawanya Kenya katika sehemu saba, na sehemu ya saba huunganisha Taita na pwani yote mpaka Lamu. Basi kusema kwamba mmea wapatikana katika K7 ni kama kumwambia mgeni kwamba ndugu yako anakaa upande wa mashariki. Kisha ziko hati zinazohesabu maili kutoka mji fulani kwa kufuata barabara fulani. Barabara imehamishwa, mji umepanuka, na mahali palipokuwa kichaka siku ile sasa ni makonge, au nyumba, au pamechomwa makaa mpaka udongo ukawa mweupe.

Isidhaniwe kwamba kila mmea unaosemwa ni adimu huwa umejificha tu. Uko mti wa jamaa ya mnyaa, Euphorbia tanaensis, unaojulikana katika msitu wa Witu, katika jimbo la Lamu. Orodha ya kimataifa ya mimea iliyo hatarini imetaja yapata miti 20 tu iliyokomaa. Ishirini ni hesabu ya darasa dogo. Mwalimu aweza kuijua yote kwa majina.

Mtu aweza kuuliza faida ya kuweka maiti za mimea ikiwa yenyewe yazidi kutoweka. Jibu zuri lilipatikana kwa msiba. Wajerumani walipotawala Tanganyika walipeleka Berlin mimea mingi ya Usambara, Uluguru na Kilimanjaro, na vielelezo vyenyewe vilivyotumiwa kutolea majina viliwekwa huko. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi mwaka 1943 mabomu yaliangukia hebariamu ya Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ile ikateketea. Mimea ya Afrika ambayo haikuwa na kosa lolote katika vita ile iliungua pamoja na mji. Vilivyosalia ni vile ambavyo wachumaji walivitoa nakala, yaani walichuma matawi mawili au matatu ya mti mmoja siku moja kwa nambari moja, wakapeleka moja Berlin, moja Kew karibu na London, na moja wakaliacha Amani. Tawi la Amani, lililodhaniwa kuwa la akiba tu, ghafla likawa shahidi pekee. Tangu hapo sijamwona mtaalamu anayedharau nakala.

Kew yenyewe ilianzishwa kama hebariamu mwaka 1853, na ina vielelezo zaidi ya milioni 7, ambavyo sehemu yake kubwa vilitoka katika nchi kama zetu. Kwa miaka mingi Mkenya aliyetaka kuthibitisha jina la mmea wa kijiji chake ilimlazimu kupanda meli au ndege. Siku hizi picha za vielelezo vingi zaweza kutazamwa kwa kompyuta, na kijana wa Voi aweza kuona karatasi iliyoko London kwa dakika moja. Hilo ni jambo jema. Lakini jina la mtu aliyeubeba mmea kutoka kichakani halionekani katika picha, kwa kuwa aghalabu halikuandikwa.

Nataka kusema kidogo juu ya hili. Wachumaji wa wakati wa ukoloni hawakutembea peke yao. Walikuwa na wapagazi, madereva, wapishi, na wazee wa mahali waliowaonyesha njia na kuwatajia majina na dawa. Bally mwenyewe alitoa maandishi juu ya mimea ya dawa na sumu ya Afrika Mashariki mwaka 1937, na elimu ya namna hiyo haichumwi mtini. Hutoka vinywani mwa watu. Katika hati watu hao mara nyingi ni neno moja tu, “wenyeji”. Kwa hiyo nilifurahi nilipokutana na hati nyingi zenye majina mawili pamoja, Greenway na Kanuri, kutoka safari zao za Serengeti na Mara. Kanuri ameandikwa pale kama mchumaji, si kama mbeba mizigo, na nambari ni yao wote wawili. Karatasi zile zitakaa miaka mia tano zikitunzwa vema.

Majina ya mimea nayo hayakwenda yote kwa Wazungu wenye ndevu. Mwaka 1992 ulitolewa jina mshubiri mwingine wa Kenya, wa vilima vya Loita, nao ukaitwa Aloe murina. Neno hilo la Kilatini lina maana ya kitu cha panya. Aliyeutoa, Profesa Leonard Newton, alitumia pua yake kwa haki. Nafikiri mmea wa Taita ungestahili jina hilo kabla ya jina la Bally, lakini aliyetangulia ametangulia.

Nilikwenda Taita kwa sababu nilitaka kuuona mshubiri huo ukiwa hai. Nilikuwa na maelezo ya hati, ramani, na kijana mmoja wa huko aliyejua njia. Kutwa nzima hatukuona kitu ila miiba. Jioni kijana alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekaa ukingoni mwa kichaka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kigoda, na baada ya maji na habari za nyumbani nikamweleza umbo la mmea. Hakuhitaji maelezo marefu. Nilipotaja harufu alicheka. Aliniambia kwamba mbuzi wake huuepuka, kwamba watoto hukatazwa kuuchezea, na kwamba alikuwa ameukata mmoja mwaka uliopita alipokuwa akisafisha shamba la pojo, kwa sababu haukuwa na faida yoyote. Alinionyesha kisiki. Kilikuwa kimekauka, kimekuwa chepesi kama sifongo.

Nilimweleza kwamba katika dunia nzima mshubiri ule waishi katika nchi yake na jirani kidogo tu. Alinyamaza kitambo. Kisha aliuliza swali ambalo sijapata kulisahau: “Mwalimu, hayo yameandikwa wapi?” Nikamwambia, Nairobi, na London, na katika vitabu. Akauliza kwa lugha gani. Nikamwambia, Kilatini na Kiingereza. Akatikisa kichwa, hakusema neno, akaagiza chai.

Asubuhi yake alitupeleka mwenyewe mahali ambapo mingine ilikuwa imesimama. Ilikuwa mirefu, imejipenyeza kati ya miti, na mmoja ulikuwa na maua, na ndege wadogo wa chozi walikuwa wakifyonza asali yake bila kujali sumu. Sikuchuma kitu. Kuchuma kwahitaji kibali, tena nilikuwa sina haja ya kielelezo. Niliandika tu: kimo, rangi, hesabu ya mashina, na jina la mzee kwa ruhusa yake, mahali pa kwanza.

Hapo lazuka shauri ambalo wataalamu wenyewe hawajapatana. Ziko nchi ambazo watu hununua mimea minono kwa fedha nyingi ili kuipamba madirishani, na kadiri mmea ulivyo adimu ndivyo bei ipandavyo. Mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya mwitu, ulioanza kutumika mwaka 1975, waisimamia mishubiri yote ya mwitu, na katika Kenya Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka 1986. Lakini mwizi hasomi mikataba; husoma hati. Hati nzuri yenye maili na kimo, ambayo mchumaji aliiandika kwa uaminifu ili mwenzake aje kuthibitisha, yaweza kumwongoza mwizi mpaka shinani. Kwa hiyo hebariamu kadhaa huficha mahali hasa pa mimea iliyo hatarini, na mtu wa nje huonyeshwa jina la jimbo tu.

Wako wanaopinga, wakisema kwamba elimu iliyofichwa si elimu, na kwamba mwizi hodari atapata habari kwa njia nyingine huku mwanafunzi maskini akifungiwa mlango. Hoja hiyo ina uzito, na nimeifikiri mara nyingi. Walakini kisiki cha shamba la pojo chanielemea zaidi. Mmea ule haukukatwa na mwizi aliyesoma hati. Ulikatwa na mwenyeji ambaye hati haikumfikia. Kuficha habari kutoka kwa mgeni wa mbali na kumnyima jirani wa karibu ni mambo mawili, na sisi tumefanya yote mawili kwa tendo moja. Maoni yangu ni kwamba maili na kimo yabaki kabatini, na habari yenyewe ipelekwe kijijini kwa Kiswahili na Kitaita, shuleni na barazani, kwa picha yenye rangi na maneno machache: mmea huu ni wenu, una sumu, na hauko kwingine ila kidogo.

Mzee yule hakungoja baraza. Niliporudi mwaka uliofuata niliona amezungushia matawi ya miiba mishubiri mitatu iliyo mpakani mwa shamba lake, na pojo zimepandwa hata karibu na mashina. Chipukizi moja, refu kama penseli, lilikuwa limeota kando ya kisiki, na mjukuu wake aliniambia kwamba amekatazwa kulinusa zaidi ya mara moja kwa siku.

Basi kijana akiniuliza leo mishubiri hiyo iko wapi hasa, nitamjibu kwamba iko Taita, kichakani, upande wa chini wa milima. Akitaka zaidi ya hapo, na aende kwa mzee, amwamkie kwanza.